Mchezaji wa sita habebwi: niliyojifunza nikifundisha gofu ya wasichana chuoni Marekani

Mara kwa mara napokea ujumbe kutoka Moshi, Arusha, Dar au Nairobi, na swali ni lile lile: nifanyeje niwe kocha wa gofu chuoni Marekani kama wewe? Wengi wanaouliza wanacheza vizuri kuliko mimi. Wana handikapu (kipimo cha uwezo wa mchezaji) za chini na vikombe sebuleni, na wanadhani kazi yenyewe ni kuendelea kucheza huku umevaa fulana yenye nembo ya chuo. Nimekuwa nikiwajibu vipande vipande. Leo naandika yote, na mshahara nitautaja, maana ndilo swali ambalo watu huona haya kuliuliza.

Mimi ni mtoto wa kedi. Baba aliwabebea wachezaji mifuko ya fimbo Moshi Club, uwanja wa mashimo tisa ambao ukitaka kumi na nane unauzunguka mara mbili. Fimbo zangu za kwanza ziliachwa na mgeni aliyekuwa anarudi kwao, zikakatwa mipini na fundi baiskeli zinifae. Nilifika Marekani kwa ufadhili wa gofu, katika chuo kidogo cha Daraja la Pili, ngazi iliyo chini ya Daraja la Kwanza la vyuo vikubwa kimichezo, jimboni Missouri, nikacheza miaka minne bila kuwa nyota. Hilo silisemi kwa unyenyekevu. Makocha wengi wa wasichana ninaowafahamu hawakuwa nyota. Nyota huenda kujaribu bahati yao kwenye gofu ya kulipwa, na baadhi ya wanaorudi kufundisha huondoka mapema wakigundua kwamba kazi hii haina gofu nyingi kiasi hicho.

Ngazi ya kwanza kwa watu kama sisi ni ukocha msaidizi wa mwanafunzi wa uzamili. Chuo kinakulipia ada ya shahada ya pili, nawe unafanya kazi ya kocha msaidizi kwa posho. Yangu ilikuwa dola 800 kwa mwezi, tena kwa miezi kumi tu ya mwaka. Juni na Julai unajitegemea, na viza ya mwanafunzi haikuruhusu kwenda kufanya kazi popote upendapo. Anayetaka kuanza njia hii aweke akiba ya miezi hiyo miwili kabla hajapanda ndege. Mama alikuwa akinipigia na kuuliza, "Mwanangu, umekula?" Nilimjibu ndiyo, na ilikuwa kweli, kwa sababu mkahawa wa wanafunzi ulikuwa sehemu ya malipo yangu.

Nilidhani nitafundisha watu kupiga mpira. Kumbe wasichana karibu wote wanaofika chuoni wana mwalimu wao wa nyumbani, ambaye wazazi wamemlipa tangu mtoto ana miaka kumi. Wanajirekodi kwa simu, wanamtumia, anawajibu jioni. Ukimgusa msichana mshiko wake wa fimbo mwezi wa Oktoba, baba yake atakupigia kabla hujafika nyumbani. Kwa hiyo kocha wa chuo anabaki na mambo mengine: mpira wa karibu na shimo, kusoma mteremko wa grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, kuamua lini ucheze kwa tahadhari, na kupanga muda. Na muda wenyewe una sheria. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kinaruhusu saa 20 za mazoezi kwa juma wakati wa msimu, na siku moja ya mapumziko isiyoguswa. Nje ya msimu ni saa 8. Siku ya mashindano huhesabiwa saa 3 tu hata kama mmekuwa uwanjani tangu alfajiri. Unajaza karatasi za saa hizo kila juma, na ofisi inayosimamia kanuni inazikagua kweli kweli. Mtu asiyependa karatasi asije.

Kisha kuna kuendesha gari. Vyuo vikubwa hupanda ndege. Sisi tuna basi dogo la chuo, na dereva ni mimi, niliyejifunzia udereva upande wa kushoto wa barabara. Mashindano ya masika yako kusini, Oklahoma, Arkansas, Texas, kwa sababu Missouri ya Februari ni barafu na mazoezi yanafanyikia ndani, mnapiga mipira kwenye wavu. Unaendesha saa saba au nane, nyuma wamelala wasichana watano ambao wazazi wao wamekuamini, na kesho yake unatakiwa uwe na akili iliyotulia kuliko ya kila mmoja wao. Nilimwomba mkurugenzi wa michezo ruhusa ya kulala njiani safari inapozidi saa sita kwa siku. Alikubali mara moja. Alishangaa tu kwamba hakuna aliyewahi kuomba.

Sasa nije kwenye jambo linalonifanya niandike.

Katika gofu ya vyuo timu inapeleka wachezaji watano, na kila raundi zinahesabiwa alama nne bora, yaani zenye mikwaju michache. Ya tano inatupwa. Timu yangu ina wasichana wanane. Maana yake kila safari watatu wanabaki, na kati ya hao watatu yupo mmoja aliyekaribia kabisa, wa sita. Namna unavyomtendea wa sita ndiyo itakayoamua kama una timu au una wasichana wanane wanaovaa rangi moja. Hakuna kozi ya ukocha niliyosoma iliyoligusa jambo hili.

Nililijua kwa sababu nimekuwa wa sita. Kocha mmoja niliyemchezea alikuwa akituma orodha kwenye kundi la simu saa nne usiku, majina matano, bila neno. Unasoma mara mbili ukidhani hujaona jina lako. Asubuhi unakutana na wenzako wakipakia mifuko, nao hawajui wakutazameje.

Kwa hiyo nafanya hivi. Tunacheza raundi za mchujo nyumbani. Nafasi tatu zinakwenda kwa alama, sina sauti hapo. Nafasi moja ni ya aliyefanya vizuri kuliko wote kwenye mashindano yaliyopita, hata mchujo usipomwendea vizuri. Ya tano nachagua mimi. Hiyo ya tano ndiyo inayoleta maneno, na usijidanganye kwamba utaikwepa kwa kuacha yote yaamuliwe na alama. Mchujo wa siku mbili kwenye uwanja wanaoujua kwa moyo haukuonyeshi nani atasimama imara kwenye upepo wa Oklahoma. Kabla orodha haijabandikwa namtafuta wa sita, namwambia ana kwa ana, mchana, asiwe na mtihani saa hiyo. Namwambia sababu kwa sentensi moja. Ukianza kueleza sana unajitetea wewe, humsaidii yeye. Halafu namwandalia ratiba yake ya siku tutakazokuwa hatupo, na nikirudi yeye ndiye wa kwanza kucheza naye. Pia nauliza waandaaji kama wana nafasi ya mchezaji binafsi, yaani anayecheza bila alama zake kuhesabiwa kwa timu. Wengine wanazo, lakini chumba na chakula vinatoka kwenye bajeti yangu, kwa hiyo siwezi kila mara.

Aliwahi kuniambia mmoja, "Kocha, bora ungenidanganya." Sikumdanganya, na alininunia karibu mwezi mzima. Mwaka wake wa mwisho alikuwa nahodha.

Hesabu hiyo ya nne kati ya tano inafanya kazi nyingine pia, huko uwanjani. Siku ya kwanza ya mashindano mengi tunacheza mashimo 36 mfululizo. Timu zote zinaanza pamoja asubuhi, kila kundi kwenye shimo lake, na mnamaliza jua likizama. Wasichana wanasukuma vitoroli vyao wenyewe, makedi hawaruhusiwi. Ila kocha anaruhusiwa kumshauri mchezaji katikati ya raundi, jambo ambalo kwenye gofu ya kawaida lingekuletea adhabu. Nyumbani watu wakisikia hivyo hudhani nakaa nikiwaambia wapige fimbo namba ngapi. Mara nyingi namtafuta yule aliyeharibu tisa za kwanza, aliyekwisha kuamua moyoni kwamba alama yake ndiyo itakayotupwa. Hawezi kujua. Mwenzake anaweza kutumbukiza mipira miwili majini shimo la kumi na saba, na ile alama ya aibu ikawa ya nne. Nimeona timu yangu ikipita nyingine kwa mkwaju mmoja uliookolewa na msichana aliyekuwa akilia tangu asubuhi. Nikimfikia nampa ndizi, namuuliza amekula nini. Gofu siitaji. Tukitembea hatua mia mbili tukizungumzia ugali, kwa sababu wote wanajua nitawaletea habari za ugali, mabega yake yanashuka.

Lakini si kila machozi yanatoka kwenye alama. Kuna msichana asiyekula makusudi, kuna aliyeachwa, kuna aliyefanyiwa jambo baya na mtu. Hapa sikilizeni vizuri. Kwa kanuni za vyuo vingi vya Marekani, kocha akisikia habari ya unyanyasaji wa kijinsia lazima aripoti, hata msichana akiomba iwe siri. Kwetu shangazi anatunza siri, nami nililelewa hivyo. Waambieni wachezaji mapema, kwenye kikao cha kwanza cha mwaka, ni mambo gani hamtaweza kuyaficha na ni nani chuoni, kwa mfano mshauri nasaha, anayeruhusiwa kuyatunza. Msichana ajue kabla hajafungua mdomo. Na mazungumzo mazito msiyafanyie chumbani kwa mchezaji hotelini mkiwa wawili.

Mchezo wenyewe nao una siku zake za ukatili ambazo hakuna kocha anayeweza kuzizuia. Mei 2021 kule Baton Rouge, Louisiana, timu 18 za Daraja la Kwanza zilikwenda kucheza mashindano ya kanda. Mvua ikanyesha siku tatu, waandaaji wakafuta yote, na timu sita zilizokuwa juu kwenye orodha ya awali, ile inayotokana na matokeo ya msimu, zikapelekwa fainali bila mtu kupiga hata mkwaju mmoja. Kumi na mbili zikarudi nyumbani. Niliitazama video ya tangazo lile, wasichana wakilia na makocha wakipaza sauti, na nikajiuliza ningewaambia nini wangu kwenye basi. Bado sijapata jibu. Ila tangu hapo nawaambia wachezaji kwamba nafasi kwenye orodha ya Oktoba ina thamani, maana hata wao walidhani mashindano ya mwanzo wa msimu ni ya kupasha moto tu.

Usajili ndio unaokula muda wangu kuliko kitu kingine. Nasimama nyuma ya miti kwenye mashindano ya vijana majira ya joto, nimevaa fulana ya chuo, hairuhusiwi kuzungumza na mchezaji mpaka amalize. Alama peke yake inadanganya. Sabini na nne kwenye uwanja wa yadi 5,200 si sabini na nne kwenye uwanja wa yadi 6,000 na zaidi tunaochezea sisi, kwa hiyo kwanza naangalia urefu wa uwanja na kiwango cha ugumu wake. Kisha naangalia anavyotembea baada ya kuharibu shimo, na anamtazama nani. Akimtazama mzazi pembeni kila anapokosea, najua nitakuwa nawafundisha wawili.

Fedha za ufadhili tunazigawa vipande. Daraja la Pili gofu ya wanawake ina kikomo cha fungu 5.4 za ufadhili kamili kwa timu nzima, na vyuo vingi havina hata fedha za kufikia kikomo hicho. Wanaume wana 3.6. Tofauti hiyo inatokana na sheria iliyosainiwa 23 Juni 1972, Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia kwenye taasisi za elimu zinazopata fedha za serikali kuu. Futboli ya Kimarekani inameza ufadhili wa wanaume kwa makumi, kwa hiyo michezo mingine ya wasichana inapewa zaidi ili mizani ikaribiane. Kabla ya hapo wasichana walicheza, mashindano yao ya kwanza ya vyuo yalifanyika Ohio State mwaka 1941, lakini NCAA yenyewe haikuwaandalia ubingwa mpaka 1982. Kuna upande wa pili ambao hausemwi sana. Mwaka 1972 zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni zilifundishwa na wanawake. Leo ni chini ya nusu. Fedha zilipoingia, wanaume nao wakaiona kazi. Kwenye mikutano ya makocha huwa nahesabu wanawake weusi, na hesabu inakwisha haraka.

Mshahara. Kama kocha mkuu nalipwa dola 43,000 kwa mwaka kabla ya kodi, na ndani yake nimo pia kama msaidizi wa timu ya wanaume. Ukiigeuza kuwa shilingi inapendeza sana, ukilipa kodi ya nyumba, bima ya gari na umeme wa Januari haipendezi tena. Bajeti ya safari haitoshi mwaka wowote, kwa hiyo kila Septemba tunaandaa mashindano ya kuchangisha. Ni harambee kabisa, ila watu wanalipia kucheza kwa makundi ya wanne na wafanyabiashara wa mjini wananunua vibao vya matangazo kwenye mashimo. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi ana uzoefu wote anaouhitaji. Kumpigia mwenye duka la matairi mara tatu bila kumchosha, hiyo sikuifunzwa Missouri.

Kuhusu viza, andikeni haya. Ukimaliza shahada kwa viza ya mwanafunzi, F-1, unapata miezi 12 ya kufanya kazi. Nyongeza ya miezi 24 ni ya masomo ya sayansi na teknolojia, na shahada yangu ya usimamizi wa michezo haimo. Baada ya hapo chuo kikuombee viza ya kazi, H-1B. Bahati yetu ni kwamba vyuo visivyo vya kibiashara haviingii kwenye bahati nasibu ya kila mwaka ya viza hizo, vinaomba wakati wowote. Tatizo ni kuthibitisha kwamba kazi ya kocha inahitaji shahada maalumu. Maombi yangu yalirudishwa na maswali, na kilichoyaokoa ni maelezo ya kazi yaliyoandikwa upya na wakili, yakionyesha usimamizi wa bajeti, usajili na kanuni, na shahada inayotakiwa. Mwombe mwajiri akuonyeshe maelezo hayo kabla hayajatumwa. Na tangu Septemba 2025 maombi mapya ya mtu aliye nje ya Marekani yamewekewa ada ya dola 100,000. Hakuna chuo cha aina yetu kitakachoilipa. Kwa hiyo anayeniuliza kutoka Arusha namwambia wazi, njia iliyobaki ni kuingia kama mwanafunzi kwanza.

Nimalizie na wazazi, maana nao wananiandikia. Kwa Daraja la Kwanza, makocha hawaruhusiwi kumjibu binti yenu kwa simu wala barua pepe mpaka 15 Juni baada ya mwaka wake wa pili wa sekondari ya miaka minne. Kimya kabla ya hapo si dharau. Mtihani wa SAT, ule wa kuingilia vyuo vya Marekani, si sharti tena la NCAA tangu 2023, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuutaka. Vyeti vya NECTA tunzeni vya asili. Video iwe fupi, ya mikwaju kamili na ile ya karibu na shimo, na alama ziandikwe na jina la uwanja na urefu wake.

Ofa ikija, muulizeni kocha maswali haya, akikasirika tafuteni chuo kingine. Ufadhili ni sehemu gani ya gharama zote, pamoja na bima ya afya? Ni wa mwaka mmoja au zaidi? Mwingi ni wa mwaka mmoja, na chuo kinatakiwa kumjulisha mchezaji kufikia 1 Julai kama kitauendeleza. Akiumia itakuwaje? Nani analipa tiketi ya ndege? Kampuni ikitaka kumlipa kwa tangazo, asisaini chochote kabla ya kuuliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni, viza yake inaweza kuharibika. Na Desemba mabweni yanapofungwa atalala wapi? Hilo la mwisho hakuna aliyeliuliza kwa niaba yangu, na mwaka wa kwanza nilijulishwa kwa karatasi iliyobandikwa mlangoni, juma moja kabla ya Krismasi.